Premio ya Mwaka 2004: Kuifungua Injini Gereji au Kuibadilisha Yadi?

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Premio ya mwaka 2004, toleo la ZZT240 lenye injini ya 1ZZ-FE ya sentimita za ujazo 1,794, lililosajiliwa hapa nchini kwa namba C, yaani za zamani kuliko D na E. Bodi yake ni nzima, gia boksi inabadili bila kushtuka, na kasoro yake kubwa ni moja: linakula oili. Lilikuwa limefikia kudai karibu lita moja kwa kila kilomita elfu moja, na kila lilipopandishwa mwendo baada ya kuteremka mteremko mrefu, waliokuwa nyuma yake barabarani waliona moshi wa bluu kabla ya kuona taa za breki. Zaidi ya hapo, shokapu za nyuma zilikuwa zimechoka na bushi za mikono ya mbele zimeachia, mambo ambayo kwa barabara za mitaa ya Dar es Salaam hayamshangazi mtu yeyote. Kabla ya kuamua lolote nilitumia huduma mbili na kuzitaka zote zinipe hesabu: yadi moja ya magari ya upande wa Kinondoni, ambayo hupokea gari la zamani na kukukabidhi jingine kwa kuongeza fedha, na gereji ya fundi wa injini aliyepo Ilala. Sitazitaja kwa majina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema kuhusu yadi si ya kupendeza, na kwa jinsi ninavyolijua soko hili, si tabia ya yadi hiyo peke yake.

Nianze na yadi, kwa kuwa ndiyo iliyonipa jibu haraka zaidi. Mapokezi yake ni mazuri kweli. Mteja hukaribishwa kiti na maji ya chupa kabla ya kuulizwa shida yake, kadi ya gari hupigwa picha, na namba ya usajili huingizwa kwenye mfumo wa polisi kuangalia kama kuna faini za barabarani, kisha kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuangalia deni la maegesho. Hatua hii ya mwisho naipongeza bila kusita, kwa sababu watu wengi wanaouziana magari mkononi huiruka, na mnunuzi hugundua baada ya miezi kadhaa kwamba alinunua gari pamoja na madeni yake. Kwangu lilionekana deni dogo la maegesho ya Kariakoo, nikalilipa kwa simu palepale, na mkaguzi akaendelea na kazi yake.

Mkaguzi huyo alikuwa kijana mtulivu mwenye tochi ndogo, na alifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakuanza na injini. Alizunguka gari akisoma namba za usajili zilizochorwa kwenye vioo vya milango, vioo vya pembeni na taa, akasimama kwenye taa ya nyuma ya kulia ambayo haikuwa na namba. Taa isiyo na namba wakati nyingine zote zinazo ni taa iliyobadilishwa, na taa iliyobadilishwa huenda iling'olewa na ajali. Kwa hiyo alifungua buti, akanyanyua zulia, akatoa tairi la akiba na kumulika sakafu ya chuma iliyo chini yake akitafuta mahali palipochomelewa. Hapakuwepo. Taa ile ilivunjwa na pikipiki kwenye foleni, na chuma kilichokuwa nyuma yake hakikuguswa. Baada ya hapo alipitisha kidole kwenye kingo za mipira ya milango kutafuta mabaki ya rangi ya kupuliza, akalinganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, akainama kuhakikisha kwamba masega ya ekzosi, yaani kichujio cha moshi, bado yapo, maana siku hizi yana wanunuzi wake na magari mengi huletwa yadi yakiwa yameshatolewa.

Injini aliiacha mwisho. Aliiwasha, akafungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma, akamwomba mwenzake akanyage mafuta huku yeye ameshika karatasi nyeupe nyuma ya bomba la ekzosi. Karatasi ilirudi na madoa madogo yenye unyevunyevu.

"Bosi, hili gari linakunywa oili kidogo," alisema.

"Si kidogo, kijana wangu," nilimjibu, naye akacheka na kuandika.

Hadi hapo ningeipa yadi hiyo alama za juu kabisa. Tatizo lilianza ofisini. Premio ilithaminiwa kwa shilingi milioni 8, kiasi ambacho kwa gari la namba C linalotoa moshi ni cha haki, na kwa kweli kilinishangaza kidogo. Gari nililopendekezewa lilikuwa Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ya injini ya 1NZ-FE, yenye namba E, ambayo kwa mnunuzi wa fedha taslimu ilikuwa ikiuzwa shilingi milioni 18. Bei hiyo niliijua kwa sababu ndugu yangu alikuwa ameiulizia kwa simu kabla sijafika. Kwangu mimi niliyekuja na gari la kubadilisha, IST ileile iliandikwa milioni 19.2. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba bei ya kubadilishana ina "gharama za yadi za kulitayarisha gari linaloingia". Kwa hiyo fedha ya kuongeza ilikuwa milioni 11.2, na ukitoa kiasi hicho kwenye bei halisi ya milioni 18, utaona kwamba Premio haikuthaminiwa kwa milioni 8 hata kidogo, bali kwa milioni 6.8.

Jambo hili ndilo ninalotaka kila anayeingia yadi alishike, kwa sababu wauzaji hutumia muda mrefu kukuridhisha kwa thamani ya gari lako la zamani, na mwenye gari, ambaye aghalabu ameona aibu ya moshi wake kwa muda, hufurahi kusikia linaheshimiwa. Thamani hiyo haina maana yoyote peke yake. Yadi inaweza kuliita gari lako la milioni 10 na bado ikakuacha mahali palepale kwa kupandisha bei ya lile unalolichukua. Namba pekee yenye maana ni ile unayotoa mfukoni, ikiwekwa kando ya bei ambayo mtu asiye na gari la kubadilisha angelipa siku hiyohiyo. Ni vyema basi mtu mwingine aulizie bei hiyo ya taslimu kwanza, na aiulize akiwa hajataja habari ya kubadilisha.

Hata hivyo nisiwe mkali kupita kiasi. Kwa kuwaeleza wanunuzi wazi hali ya injini nilipata mnunuzi wa mkononi aliyekuwa tayari kutoa milioni 8 kwa Premio jinsi ilivyo. Kama ningemuuzia na kununua IST kwa taslimu, ningeongeza milioni 10. Yadi ilitaka milioni 11.2. Tofauti ya milioni 1.2 ndiyo bei ya huduma ya yadi, na ukitoa cha dalali, ambaye ni vigumu kumkwepa katika mauzo ya mkononi, tofauti hiyo inapungua zaidi. Mtu mwenye kazi ya kuajiriwa, asiye na nafasi ya kupokea simu za watu wanaotaka kuja "kuliona tu" na kuzunguka nalo mtaani kwa mafuta yako, anaweza kuona kwamba bei hiyo si ya kunyonywa. Ninachokilaumu ni kufichwa kwake.

IST yenyewe ilikuwa nadhifu. Viti vilikuwa vimeoshwa, dashibodi inang'aa, injini imepigwa maji na dawa hadi ikawa kama ya kwenye picha. Nilifungua kifuniko cha oili kwa mtindo uleule wa mkaguzi na kukuta oili nzito isiyo na rangi ya kazi, oili ambayo dhahiri ilikuwa imewekwa karibuni. Hilo peke yake si kosa, lakini huwa linaficha mengi, kwa sababu oili nzito hupunguza moshi kwa muda na kunyamazisha kelele ndogondogo za injini iliyochoka. Niliomba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoonyesha daraja la gari na kilomita zilizosomwa siku lilipouzwa, na ambayo kwa gari lililopata ajali na kutengenezwa huandikwa herufi R badala ya daraja la kawaida. Jibu lilikuwa kwamba gari hilo halikuagizwa na yadi. Lililetwa na mteja aliyebadilisha kama mimi. Basi nikawa natazama gari la mtu ambaye naye alikuwa na sababu zake za kuliacha, na sababu hizo hakuna aliyekuwa tayari kunieleza. Premio yangu ingesimama katika safu hiyohiyo wiki iliyofuata, imeoshwa, imewekewa oili nzito, ikimsubiri mtu mwingine. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na katika biashara ya magari ya mkononi sijaona usemi unaofaa zaidi.

Kuhusu makaratasi, yadi ilinikatisha tamaa kuliko kwenye bei. Utaratibu wao ni kwamba mwenye gari la zamani husaini fomu za uhamisho wa umiliki, huacha kadi, na yadi huhifadhi fomu hizo bila kuzipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) hadi mnunuzi wa mwisho apatikane, ili gari lihamishwe mara moja tu kutoka kwa mmiliki wa zamani hadi kwa mpya na ada ya uhamisho pamoja na ushuru wa stempu vilipwe mara moja. Kwa yadi ni kubana matumizi. Kwa aliyeacha gari, maana yake ni kwamba kwa muda usiojulikana gari linaloendeshwa na wafanyakazi wa yadi, na wateja wa majaribio, na yeyote atakayeazimwa, bado lina jina lake. Faini ya kamera ya mwendokasi itakuja kwa jina lake, na ajali pia. Niliomba mkataba uandike tarehe ya mwisho ya kuhamisha umiliki. Walikubali kuandika tarehe. Hawakukubali kuandika kwamba wakiipita watalipa chochote.

Upande wa gereji hakukuwa na maji ya chupa. Ni kiwanja chenye mabati upande mmoja na mwembe upande wa pili, na mteja husubiri kwenye benchi lililotengenezwa kwa kiti cha nyuma cha Hiace. Fundi mwenyewe, mtu wa makamo ambaye vijana wote pale humwita Mzee, aliniuliza maswali mawili kabla ya kugusa chochote: moshi hutoka lini, na huwa naongeza oili kiasi gani. Maswali hayo ndiyo nusu ya uchunguzi. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi gari linapowashwa kisha ukakata huelekeza kwenye sili za valvu, kwa kuwa oili imechuruzika usiku na kuingia ndani ya silinda; moshi unaotoka unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka huweza kutoka kwenye ringi za pistoni pia, si kwenye sili peke yake. Wangu ulikuwa wa aina ya pili.

Kisha alifungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda. Mbili zilikuwa na ukoko mweusi wenye mafuta. Alipima mgandamizo wa kila silinda, akatia oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena, njia ya zamani ya kujua kama upepo unavuja kwenye ringi au kwenye valvu: ikiwa mgandamizo unapanda baada ya kutia oili, ringi zimelika, ikiwa haupandi, tatizo lipo juu, kwenye hedi. Hapa ndipo nilipoanza kumwamini fundi huyu, kwa sababu vipimo vilikuwa vizuri. Silinda zote nne zilikaribiana na kutia oili hakukubadilisha mengi. Fundi mwingine angesema basi ringi hazina shida, au angesema tu "badilisha injini, bosi" na kuondoka na cha juu yake. Yeye alieleza kwamba mgandamizo hushikwa na ringi mbili za juu, ilhali kazi ya kukwangua oili kwenye kuta za silinda ni ya ringi ya chini, na kwa 1ZZ-FE ringi hiyo ya chini ndiyo inayoganda kwa masizi huku za juu zikiwa bado na nguvu.

Maelezo hayo yanalingana na historia ya injini yenyewe. Pistoni za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zilitengenezwa na matundu madogo ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya chini. Matundu hayo yakiziba, oili hubaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Toyota baadaye ilibadilisha muundo wa pistoni, na injini za miaka ya mwisho hazina sifa hiyo mbaya kwa kiwango kilekile. Mwenye gari asiyeangalia dipstiki hugundua tatizo hili kwa njia mbaya zaidi, pale taa nyekundu ya oili inapowaka na injini kunoki njiani Morogoro, na hapo mjadala wa kutengeneza au kubadilisha unakuwa umekwisha wenyewe.

Njia inayopendwa na wengi mjini ni kununua injini ya mtumba iliyotoka Japani na kuifunga nzima. Nilipita Gerezani na Ilala kuulizia, na bei ya 1ZZ-FE ilikuwa karibu milioni 2 bila ufundi, na dhamana yake ni ya kuwasha tu: ikiwaka na isipotoa kelele, ni yako. Kwa injini nyingine ningeifikiria njia hii kwa uzito. Kwa hii haina mantiki, kwa sababu injini iliyokaa juu ya meza ya muuzaji imetoka kwenye gari la umri uleule, ina pistoni za muundo uleule, na hakuna anayeweza kuona masizi yaliyo nyuma ya ringi kwa kuitazama kwa nje. Isitoshe, injini ikibadilishwa, namba yake inatofautiana na ya kwenye kadi, na usipofuatilia kurekebisha kumbukumbu za usajili, siku ya kuuza gari utakutana na kijana mwenye tochi.

Fundi alipendekeza kuifungua injini, kuweka pistoni za muundo wa baadaye na ringi mpya, kubadilisha sili za valvu, gasketi zote na cheni ya taimingi kwa kuwa ilikuwa imefika na njia ilikuwa wazi. Nilimuuliza kuhusu kupanua matundu ya pistoni za zamani kwa drili, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi ili kuokoa fedha. Alikataa, akasema hawezi kuipa dhamana yake kazi ambayo hajui itakatika wapi. Alikataa pia kuchonga silinda, kwani kuta zake ni mikono myembamba ya chuma ndani ya bloku ya alumini, na bahati nzuri zilipopimwa hazikuwa na mikwaruzo ya kulazimisha jambo hilo. Pistoni na ringi ndizo zilizokula fedha nyingi, shilingi 780,000. Ufundi wa injini ulikuwa 600,000. Na kwa jumla, pamoja na kusafisha hedi, oili, plagi, shokapu mbili za nyuma na bushi, nililipa milioni 2.9.

Lawama zangu kwa gereji zipo. Muda alioutaja ulipita, kwanza kwa sababu seti ya gasketi iliyoletwa haikuwa ya injini hii, kisha kwa sababu hakuna aliyenipigia simu kuniambia hivyo hadi nilipokwenda mwenyewe. Risiti za spea nilizipata baada ya kuziomba zaidi ya mara moja, na mbili kati yake ziliandikwa kwa mkono bila namba ya kifaa. Gari lilirudi na alama za mikono yenye grisi kwenye paa la ndani, mahali ambapo sijui mfungua injini alikuwa akitafuta nini. Lakini pistoni za zamani nilikabidhiwa zote nne kwenye mfuko, na nilipoingiza sindano kwenye matundu ya ile ya pili haikupita hata moja. Tangu injini ifungwe, dipstiki husoma karibu palepale kati ya sevisi na sevisi, na moshi haupo.

Wapo watakaosema kwamba nimetumia milioni 2.9 kwa gari lililokuwa na thamani ya milioni 8, na kwamba sasa nikiliuza sitapata milioni 10.9. Ni kweli, pengine nitapata milioni 10. Kuna kanuni inayozunguka sana kwamba matengenezo yakizidi sehemu fulani ya thamani ya gari, nusu au theluthi kutegemea anayesema, basi gari liachwe. Kanuni hiyo ilitungwa mahali ambapo gari la kuchukua nafasi yake ni rahisi. Nchini Japani, magari haya yanakotoka, mmiliki hukabiliwa na ukaguzi wa lazima uitwao shaken, wa kwanza baada ya miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, na kodi ya mwaka ya gari la petroli hupandishwa likipita miaka 13. Kwake yeye kuliacha gari lenye shokapu zilizochoka ni hesabu nyepesi, na ndiyo maana linapanda meli. Likifika Dar es Salaam linatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, ushuru wa bidhaa mwingine kwa sababu limezidi miaka minane, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote hayo, na thamani inayotozwa si ile uliyolipa bali ile iliyomo kwenye mfumo wa TRA. Kenya haipokei kabisa gari lililozidi miaka 8, Tanzania inalipokea na kulitoza. Matokeo yake ni kwamba gari lolote lililokwisha kulipiwa kodi hizo na likasajiliwa lina thamani ambayo haishuki haraka, na kila unapolibadilisha unalipia tena sehemu ya kodi za gari jingine.

Kwa hiyo sikuipima milioni 2.9 dhidi ya milioni 8. Niliipima dhidi ya milioni 11.2, na dhidi ya kile ambacho milioni hizo zingeninunulia: gari dogo zaidi, la namba mpya zaidi, ambalo historia yake siijui, na ambalo shokapu na bushi zake zingedai zamu yao kabla ya mwaka kwisha. Kama fedha hiyo ingetoka kwenye mkopo, ingeongezeka riba, na mkopeshaji angedai bima kubwa, ambayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, wakati Premio ya zamani inaruhusiwa kutembea na bima ndogo ya shilingi 118,000 kwa mwaka. Herufi ya namba ya usajili ina heshima yake mjini, sikatai, na wapo ambao kazi zao zinawataka wafike kwa wateja na namba E. Kwao hiyo ni gharama ya biashara na waihesabu hivyo.

Jibu langu lingekuwa tofauti kama chuma kingekuwa kimeoza. Kwa gari lililokaa miaka mingi karibu na bahari, au lililotoka sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, mtu alinyanyue kwanza na kugonga sakafu na mihimili kwa bisibisi kabla ya kumlipa fundi yeyote wa injini. Kutu ikishafika kwenye mahali zinapofungwa shokapu, injini mpya itabebwa na kitu kinachokatika. Lingekuwa tofauti pia kama injini na gia boksi vingekuwa vimechoka pamoja, kwa sababu hapo hesabu mbili huanza kufukuzana.

Na lingekuwa tofauti kama Premio yangu ingekuwa ile ya lita 2.0 yenye injini ya 1AZ-FSE, maarufu kama D-4. Injini hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, haivumilii mafuta machafu, hujaza masizi kwenye njia za hewa, na spea zake za mfumo wa mafuta ni ghali na si kila fundi anazielewa. Kwa gari la namna hiyo lenye moshi na mtetemo ningekwenda yadi ileile ya Kinondoni, ningekubali milioni zao 6.8, na ningeng'ang'ania jambo moja tu: tusitoke ofisini kabla fomu za uhamisho hazijapelekwa TRA.